SALAMU ZA KRISMASI ZA MFALME, NA SABABU YA KUNGOJA SAA YAKE

Kila mwaka, ifikapo tarehe 25 Desemba, Mfalme wa Uingereza huwapelekea salamu za Krismasi watu wa nchi yake na watu wa nchi za Jumuiya ya Madola. Mjini London salamu hizo husikika saa tisa kamili ya mchana. Hapa Emali, mahali ambapo reli na barabara kuu ya Mombasa hupita zikienda Nairobi, wakati huo huo ni saa kumi na mbili ya jioni.

Jambo hili huzusha maswali matatu. Kwa nini ikachaguliwa saa ile, wala si nyingine? Kwa nini watu wa New Zealand huzisikia salamu hizo kabla ya Waingereza wenyewe? Na kwa nini waandishi wa magazeti, ambao wengine wao huwa wamekwisha kuyasoma maneno yote ya Mfalme, hunyamaza kimya mpaka saa itimie?

Yafaa maswali haya yajibiwe kwa utaratibu. Huenda msomaji akadhani ya kuwa ni mambo ya Ulaya yasiyomhusu, lakini kanuni iliyomo ndani yake ndiyo ile ile inayolinda karatasi za mitihani ya watoto wetu, na bei ya mafuta katika vituo vilivyo kando ya barabara ya Emali.

SAA YA EMALI NA SAA YA LONDON

Kwanza hapana budi tufahamu habari ya saa zenyewe. Dunia huzunguka mara moja kamili kwa muda wa saa 24. Mzunguko mzima wagawanywa katika digrii 360, na kwa hiyo kila saa moja dunia huzunguka digrii 15, na kila digrii moja huchukua dakika 4. Digrii hizo huanza kuhesabiwa Greenwich, karibu na London. Emali iko kama digrii 37 na nusu upande wa mashariki. Ukigawanya hesabu hiyo kwa 15 utapata saa mbili na nusu. Maana yake ni kwamba jua hufika juu ya Emali saa mbili na nusu kabla ya kufika juu ya Greenwich.

Lakini saa za mkononi haziwezi kufuata jua la kila kijiji. Kama kila stesheni ya reli ingekuwa na saa yake, gari la moshi lingewapotea abiria wote. Kwa hiyo Kenya nzima hutumia saa moja tu, nayo imetangulia ile ya Greenwich kwa saa tatu kamili. Hiyo ndiyo saa ya jua ya digrii 45, mstari upitao karibu na Mogadishu.

Msomaji aweza kuyahakikisha haya yeye mwenyewe bila chombo chochote cha gharama. Siku ya Krismasi asimamishe fimbo iliyonyoka katika uwanja ulio sawa, kisha apime kivuli chake kila baada ya dakika tano kuanzia saa sita mchana. Kama yuko Emali ataona kwamba kivuli kifupi kabisa hakitokei saa sita, bali saa sita na nusu, nacho kitaelekea kaskazini. Ndugu yake aliyeko Kisumu akifanya hivyo hivyo, kivuli chake kifupi kitatokea kama dakika 11 baadaye. Jua ni lile lile na saa za mkononi ni sawa, ila mahali ndipo mbalimbali.

Zamani Kenya ilikuwa na saa nyingine. Katika mwaka wa 1932, ambao tutausimulia sasa hivi, saa ya Kenya ilitangulia ile ya Greenwich kwa saa mbili na nusu tu, yaani ilikuwa sawasawa na jua la Emali.

Hapa kuna jambo moja la kuangaliwa sana. Gazeti la Kiingereza likiandika kwamba salamu zitatolewa "3.00 p.m.", hiyo siyo saa tatu yetu. Waingereza huanza kuhesabu saa katikati ya usiku na katikati ya mchana. Sisi huanza macheo na machweo. Kwa hiyo hiyo saa yao ya 3 ni saa tisa kwa hesabu ya Kiswahili. Kisha ongeza saa tatu za tofauti, upate saa kumi na mbili jioni. Mtu akisahau mojawapo ya hatua hizi mbili, atafungua redio yake wakati usiofaa, na baadaye atasema kuwa ametiliwa uongo.

SALAMU ZA KWANZA

Mfalme wa kwanza kutoa salamu za Krismasi kwa redio alikuwa Mfalme George wa Tano. Bwana John Reith, mkubwa wa shirika la utangazaji la BBC, alikuwa amemwomba afanye hivyo tangu mwaka wa 1922, lakini Mfalme hakukubali wakati ule. Miaka kumi ikapita. Tarehe 19 Desemba 1932 BBC ilianza idara ya kutangazia nchi za mbali, na siku sita baadaye, tarehe 25 Desemba, Mfalme alikaa mbele ya vyombo katika nyumba yake ya Sandringham akasema na watu wa nchi nyingi kwa mara moja.

Maneno yenyewe yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi mashuhuri. Yalikuwa maneno 251 tu. Mezani palitandikwa kitambaa kizito, ili mchakacho wa karatasi usisikike katika redio. Sauti ya Mfalme ilikwenda London kwa waya za simu, kutoka huko ikapelekwa Daventry, mahali palipokuwa na mitambo sita ya mawimbi mafupi, na kutoka Daventry ikarushwa angani. Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi zilizopangiwa kuipata sauti hiyo, pamoja na Australia, Canada, India na Afrika ya Kusini. Yakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 20 walisikiliza.

Sasa tunafikia jibu la swali la kwanza. Saa tisa ya mchana haikuchaguliwa kwa ajili ya starehe ya Mfalme, wala kwa sababu ya ibada. Ilichaguliwa kwa sababu ya mawimbi. Mawimbi mafupi ya redio hupanda juu mpaka katika tabaka la hewa lenye umeme, lililo mbali sana angani, kisha hurudi chini tena na kutua katika nchi za mbali. Tabaka hilo hutengenezwa na nguvu za jua, na kwa hiyo hali yake mchana si kama hali yake usiku. Mafundi walipopiga hesabu waliona kwamba saa tisa ya mchana ndiyo saa ambayo nchi nyingi zaidi zingeweza kufikiwa vizuri kutoka Uingereza.

Ijapokuwa ilikuwa saa bora, haikuwa saa nzuri kwa kila mtu. Mfalme alianza kusema saa tisa na dakika tano. Huko Ottawa, Canada, ilikuwa saa nne na dakika tano asubuhi. Delhi ilikuwa saa mbili na dakika 35 usiku. Sydney, Australia, ilikuwa saa saba na dakika tano ya usiku wa kuamkia tarehe 26, na Krismasi ilikuwa imekwisha kupita. Kenya tulibahatika: ilikuwa saa kumi na moja na dakika 35 jioni, jua bado halijazama, ng'ombe wanarudi zizini.

Lakini bahati ya saa si kitu bila redio. Katika siku zile redio zilikuwa chache, tena ghali, na nyingi zilihitaji umeme wa mjini. Kwa watu wa vijijini mlango ulianza kufunguliwa mwaka wa 1949, ilipotokea huko Northern Rhodesia, ambayo leo ni Zambia, redio ya betri iliyoumbwa kama sufuria, ikauzwa kwa bei ya paundi 5. Baadaye zikaja redio ndogo zisizohitaji betri kubwa, na katika Kenya matangazo ya Kiswahili na ya lugha nyingine za nchi yakaongezeka katika miaka ya 1950. Tarehe 27 Juni 1957 BBC nayo ilianza kutangaza kwa Kiswahili kutoka London.

SAUTI HAI, NA SHIDA ZAKE

Kwa muda mrefu salamu hizo zilikuwa sauti hai. Maana yake ni kwamba Mfalme alisema saa ile ile ambayo watu walisikia. Kama angekohoa, dunia nzima ingesikia kikohozi chake. Kama angekuwa mgonjwa, hakuna ambaye angesema badala yake.

Shida hizo hazikuwa za kufikiriwa tu. Krismasi ya mwaka wa 1936 hapakuwa na salamu, kwa kuwa Mfalme Edward wa Nane alikuwa ameacha ufalme siku chache kabla yake. Mwaka wa 1951 Mfalme George wa Sita alikuwa amepasuliwa pafu, na sauti yake ilikuwa dhaifu. Kwa hiyo maneno yake yalirekodiwa mapema, kidogo kidogo, kabla ya siku yenyewe. Hizo zilikuwa salamu zake za mwisho. Binti yake, Malkia Elizabeth wa Pili, alitoa salamu zake za kwanza mwaka wa 1952, na mwaka wa 1957 uso wake ukaonekana kwa mara ya kwanza katika televisheni wakati wa kuzitoa.

Hata hivyo sauti hai ilikuwa na faida moja kubwa, ambayo watu wa mji wa reli kama Emali wataielewa upesi. Krismasi ya mwaka wa 1953 Malkia alikuwa Auckland, New Zealand. Usiku wa kuamkia siku hiyo, gari la moshi lililotoka Wellington likienda Auckland lilitumbukia mtoni mahali paitwapo Tangiwai, kwa kuwa daraja lilikuwa limevunjwa na mafuriko ya maji na matope yaliyoshuka kutoka mlima Ruapehu. Watu 151 walikufa. Malkia, akisema kwa sauti hai siku iliyofuata, aliweza kuwataja waliofiwa na kuwapa pole mwishoni mwa salamu zake. Kama maneno yake yangalikuwa yamerekodiwa wiki mbili kabla, yasingalikuwa na neno hata moja la msiba ule.

Tangu mwaka wa 1960 utaratibu ulibadilika. Salamu zilianza kurekodiwa kabla ya Krismasi, na kanda zake kupelekwa mapema katika nchi za Jumuiya ya Madola, ili kila nchi itangaze kwa saa inayowafaa watu wake. Mtu wa Sydney hakulazimika tena kukesha. Utaratibu huo umeendelea mpaka wakati wa Mfalme Charles wa Tatu, ambaye salamu zake za kwanza zilirekodiwa tarehe 13 Desemba 2022 katika kanisa la St George's Chapel, Windsor, na kutangazwa siku 12 baadaye.

SHARTI LA KUNGOJA SAA

Hapa ndipo tunapoona jambo la ajabu kidogo: dawa ya shida moja ilizaa shida nyingine. Mfalme aliposema kwa sauti hai, hapakuwa na haja ya kumwambia mtu yeyote angoje. Maneno yalikuwa moyoni mwake na katika karatasi yake, basi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini salamu zikisharekodiwa, wanaozijua si mmoja tena. Kuna fundi wa sauti, mpiga picha, mtengeneza kanda, mpelekaji, mkuu wa kituo cha redio katika kila nchi, mfasiri, na mhariri wa gazeti ambaye lazima apange kurasa zake kabla ya sikukuu.

Kwa ajili hiyo liliwekwa sharti. Anayepewa maneno hayo mapema huyapewa kwa ahadi kwamba hatayatoa hadharani kabla ya saa iliyotajwa. Sisi tutaliita sharti la kungoja saa. Karatasi yenyewe huandikwa juu yake kwamba isitangazwe kabla ya siku fulani, saa fulani. Mara nyingine picha ya Mfalme akirekodi hutolewa siku mbili tatu kabla, pengine pamoja na dokezo fupi, lakini maneno yote hubaki yamefungwa.

Na sasa tunalijibu swali la pili. Saa iliyowekwa kwa Uingereza ni saa tisa mchana. Lakini New Zealand, ambayo wakati wa Krismasi imetangulia London kwa saa 13, huruhusiwa kutangaza jioni yake. Jioni ya New Zealand ni alfajiri ya London. Basi mkulima wa New Zealand husikia salamu wakati Waingereza wengi bado wamelala, na Australia hufuata. Hakuna aliyevunja ahadi. Kila mmoja amefungua mlango wake kwa saa aliyopewa, ingawa milango haiko katika ukuta mmoja.

Mtu aweza kuuliza: ahadi hiyo inamfaidia nani? Inawafaidia watu wa pande tatu. Kwanza humfaidia msikilizaji, kwa sababu mfasiri hupata nafasi ya kufasiri polepole na kwa usahihi, badala ya kukisia neno huku sauti inaendelea. Pili huwafaidia wenye magazeti na redio ndogo, kwa sababu hawashindwi na wakubwa wenye mitambo ya haraka. Wote huanza pamoja. Tatu humfaidia msemaji mwenyewe, kwa sababu watu husikia maneno yake yote kwa mpango aliouweka, wala si kipande kilichokatwa na mtu mwingine.

HABARI ILIYOMTANGULIA MJUMBE

Ili msomaji aone uzito wa jambo la saa, na tukumbuke yaliyotokea hapa hapa Kenya mwaka wa 1952. Binti Mfalme Elizabeth na mumewe Philip walifika Nairobi tarehe 1 Februari, wakiwa njiani kwenda Australia na New Zealand. Usiku wa tarehe 5 walilala Treetops, katika msitu wa Aberdare, kisha wakarudi Sagana Lodge. Usiku huo huo, mbali huko Sandringham, Mfalme George wa Sita alifariki usingizini.

Ulikuwako utaratibu wa kupeleka habari kama hiyo kwa simu ya siri, ili binti yake aarifiwe kwanza, kabla ya watu wengine. Lakini ujumbe huo haukumfikia kwa wakati. Wakati huo habari ilikwisha kutangazwa London, na mashirika ya habari yakaipeleka duniani kote. Mwandishi mmoja wa gazeti la East African Standard aliyekuwa Nyeri ndiye aliyemwarifu katibu wa Binti Mfalme. Katibu akapiga simu Sagana kwa Michael Parker, msaidizi wa Philip, naye Parker akafungua redio akitafuta BBC ili ahakikishe. Alipohakikisha alimwambia Philip, na Philip akamwambia mkewe. Jioni ile waliondoka kwa ndege kutoka Nanyuki kupitia Entebbe.

Twaona basi kwamba dunia ilijua kabla ya mtoto wa marehemu. Hapakuwa na mtu mbaya katika jambo hili. Kila mmoja alifanya kazi yake. Lakini habari ikiachwa iende mbio bila mpango wa nani ajue lini, huwafikia watu wasiohusika kwanza, na mwenye msiba mwishoni. Hata leo, wakati ambapo ajali ya barabarani kati ya Emali na Sultan Hamud hupigwa picha na kuenezwa kwa simu za mkononi kabla polisi hawajafika, jamaa wengi hujua kifo cha ndugu yao kwa njia hiyo ya ukatili.

SHARTI LILIPOVUNJWA

Sharti la kungoja saa si sheria ya mahakama. Ni ahadi kati ya anayetoa na anayepokea. Adhabu yake ya kawaida ni kwamba mwenye kuvunja ahadi hatapewa tena siri mwaka unaofuata. Lakini upo wakati ambapo jambo hilo lilifika kwa wanasheria.

Tarehe 23 Desemba 1992 gazeti la London liitwalo The Sun lilichapa maneno yote ya Malkia siku mbili kabla ya Krismasi. Mwaka ule ulikuwa wa taabu nyingi kwa jamaa ya Malkia, na watu walikuwa na hamu kubwa ya kujua atasema nini. Malkia aliamua kushtaki. Hakulishtaki gazeti kwa kuvunja ahadi ya saa, bali kwa kuchukua mali ya mtungaji. Kwa sheria za Uingereza, kama zilivyo na za Kenya, maneno yaliyoandikwa ni mali ya aliyeyaandika, na mtu mwingine hana ruhusa ya kuyachapa yote bila idhini. Mwaka uliofuata gazeti liliomba radhi hadharani na kutoa paundi 200,000 kwa kazi za hisani.

Tofauti hii yafaa ishikwe vizuri. Ahadi humfunga yule aliyeitoa tu. Haki ya mtungaji humfunga kila mtu, hata aliyeokota karatasi njiani.

KRISMASI TATU ZA AFRIKA MASHARIKI

Kuna jambo jingine la historia ambalo wengi wamelisahau. Nchi tatu za Afrika Mashariki zilipopata uhuru, kila moja ilikaa mwaka mmoja kamili na Malkia Elizabeth akiwa mkuu wake wa dola, kabla ya kuwa jamhuri au kupata Rais wake. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ikawa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na tarehe 9 Oktoba 1963 ikapata Rais wake. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, ikawa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964.

Ukihesabu utaona kwamba kila nchi ilipata Krismasi moja tu ya namna hiyo: Tanganyika mwaka wa 1961, Uganda 1962, na Kenya 1963. Salamu za mwaka wa 1963 zilitolewa kwa redio peke yake, bila televisheni, kwa kuwa Malkia alikuwa mjamzito. Hazikuwa na picha ya kutazama, bali sauti tu, siku 13 baada ya bendera ya Kenya kupandishwa. Baada ya hapo maneno ya mkuu wa dola yakawa maneno ya Rais, nayo huduma ya redio ya Kenya ikaitwa Sauti ya Kenya mwaka wa 1964, mpaka mwaka wa 1989 iliporudia jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC.

SHARTI HILI HAPA KWETU

Msomaji wa Emali hana haja ya kwenda London kuliona sharti la kungoja saa. Tarehe 14 ya kila mwezi, EPRA, yaani mamlaka ya kusimamia kawi na petroli, hutangaza bei za juu kabisa za petroli, dizeli na mafuta ya taa, nazo huanza kutumika usiku wa manane wa kuamkia tarehe 15. Tuseme mwenye kituo kimoja angejua siku mbili mapema kwamba bei itapanda. Angefunga pampu zake, aseme mafuta yamekwisha, kisha afungue baada ya bei kupanda. Madereva wa malori wangekwama barabarani, na mama anayenunua mafuta ya taa kwa chupa angeongezewa bei kwa siri iliyouzwa. Kwa hiyo wote hujua pamoja.

Mitihani nayo ni hivyo hivyo. Tangu mwaka wa 2016 karatasi za mitihani ya taifa huwekwa katika makontena yenye kufuli, na wakuu wa shule huzichukua asubuhi ya siku ya mtihani. Mtoto wa Emali na mtoto wa Nairobi hufungua karatasi kwa saa moja. Karatasi ikijulikana usiku uliotangulia, aliyekesha akisoma kwa taa ndiye mwenye kupata hasara, wala si yule aliyenunua majibu.

Hata hivyo haki ina pande mbili. Sharti la kungoja saa ni jema likiwa na saa. Mwenye habari akisema, "Ngojeni mpaka kesho saa nne," hiyo ni taratibu. Akisema, "Ngojeni," bila kutaja siku, hiyo si taratibu tena, ni kuficha. Njaa, maradhi ya kuambukiza, mafuriko na bwawa linalotaka kupasuka si mambo ya kungojewa hata dakika moja. Raia ana haki ya kuuliza habari ifungwayo itafunguliwa lini, na ni nani atakayeumia ikikaa imefungwa.

KWA ATAKAYE KUSIKILIZA

Mtu atakaye kuzisikia salamu za Mfalme siku ya Krismasi na akumbuke mambo haya. Saa ni kumi na mbili kamili jioni kwa saa ya Kenya, na nusu saa kabla ya jua kutua hapa Emali. Wakati wa kiangazi cha Ulaya saa za Uingereza husogezwa mbele, na tofauti yetu nao huwa saa mbili. Lakini Desemba tofauti ni saa tatu daima. Asiye na redio ya mawimbi mafupi aweza kutumia simu yenye intaneti, kwa maana tangu mwaka wa 2007 salamu hizo huwekwa pia katika YouTube, na atakayechelewa atazikuta.

Na kama mtu atamletea maneno ya Mfalme tarehe 24, akimwambia kwamba ndiyo yenyewe, na amwulize ameyapata wapi. Ama yametungwa na mwongo, ama yameletwa na mtu aliyeshindwa kutimiza ahadi ya siku moja.